Jiwe la Lea

Tusidanganyane: watu wa ofisini wakienda mlimani hawaiachi ofisi, wanaibeba. Jumamosi ile ya mwezi wa sita watumishi ishirini na watatu waliteremka kwenye basi chini ya mlima Irawa, kule Kondoa mpakani, baridi inakata masikio, na kabla mtu hajanyoosha mgongo Henry, afisa utawala, alikuwa ameshatoa orodha na kalamu. Akaita majina. Watu wakaitikia "yupo" kama watoto wa shule.

Edina wa masjala aliitikia la kwake, halafu akamgusa Lea kwa kiwiko, maana Lea alikuwa anapiga miayo na jina lake lilishaitwa mara mbili.

"Yupo!" Lea akasema, na watu wakacheka.

Lea huyo ndiye aliyewachelewesha wote kuondoka Dodoma. Saa tisa na nusu ya alfajiri dereva ameshawasha gari, Henry anaangalia saa, ndipo anatokea mbio na mkoba mdomo wazi, kisa alikuwa anamnyonyesha mtoto. Mtoto mwenyewe anaitwa Denis, ana miezi tisa, na alibaki kulekule Dodoma, mtaa wa Nzuguni, kwa mama yake mdogo. Watu walimwambia Lea asije. Lakini Henry alishasema safari hii ni ya kujenga ushirikiano kazini na atakayekosa ajieleze kwa maandishi, na Lea tayari alikuwa na barua mbili za kuchelewa kwenye faili. Ya tatu, Henry alimwambia ana kwa ana, ni kamati ya nidhamu.

Barua zingekuwa ishirini kama si Edina. Pale ofisini kuna daftari la mahudhurio, na saa moja na nusu kamili Henry anachora mstari mwekundu. Ukisaini chini ya mstari, umeumia. Sasa Edina alikuwa anakaa jirani na ofisi, anafika mapema, anasaini la kwake, kisha mkono huohuo unashuka mistari minne na kusaini la Lea. Miaka sita. Sahihi ya Lea aliijua kuliko ya kwake. Na Lea naye akimsaidia kwa mengine, Edina alipofiwa na mama yake Lea ndiye aliyelala naye msibani siku tisa. Kwa hiyo hakuna aliyeona kosa. Zile siku mbili za barua ni siku ambazo Edina alikuwa anaumwa.

Aliyekuwa anawangoja pale chini ni mwanamke mmoja wa makamo, Kuluthumu, mkulima wa alizeti na mwongoza njia wa kijiji. Amevaa koti la mwanamume juu ya dera, mtandio umekazwa, miguuni makatambuga ya tairi. Watu wa Dodoma wakaangalia raba zao mpya wakanyamaza.

"Karibuni. Njia yetu ni duara," akasema. "Tunapanda kwa huku, kwenye makorongo. Tunaingia msituni. Juu kabisa kuna bikoni, nguzo ya mpaka, hapo Dodoma inaishia, Manyara inaanza. Tunazunguka kwa upande wa Manyara, halafu tunavuka mpaka tena pale kwenye mwanya wa mawe, tunashuka kwa mto wa mchanga mpaka hapahapa. Kabla ya hapo, kila mtu aokote jiwe."

"La nini?" Henry akauliza.

"Aliweke hapa." Akaonyesha kwa mguu mahali palipokuwa peupe chini ya mti wa mgunga. "Kwa mkono wake. Akirudi, aliondoe kwa mkono wake."

"Dada, mimi nina orodha."

"Orodha kaa nayo, baba. Sisi hapa binadamu hatuhesabu, tunahesabu mbuzi. Tangu bibi zetu wanapanda kukata kuni ndiyo desturi. Jiwe likibaki hata moja, kijiji hiki hakilali." Akawageukia wote. "Na nisikilizeni vizuri. Kaka yangu Halfani atakaa pale kwenye mwanya. Haondoki mpaka jiwe la mwisho liondoke hapa, nimpigie simu. Ukiteguka, ukipotea, kaa chini utulie. Usitangetange, makorongo yana midomo. Jiwe lako likiwa hapa, tutakufuata. Tumeelewana?"

Wakaitikia kwa sauti. Edina akaokota jiwe la kawaida tu, jekundu. Lea alihangaika kweli, akachagua, akatupa, mwisho akapata moja jeupe lenye mshipa wa kahawia katikati.

"Zuri, eh? Hili nikirudi nampelekea Denis."

"Denis atalila."

"Ale tu, ana meno mawili."

Wakapanda. Mwanzo ulikuwa wa makorongo, ardhi nyekundu iliyochanika, huku ukingo, huku ukingo, na katikati njia ya upana wa mtu mmoja. Jua lilikuwa limetoka lakini halikuwa na nguvu. Saa moja baadaye wakaingia msituni na kila kitu kikabadilika, matawini kunadondoka maji, miti imevaa ndevu za kijani, mtu akiongea pumzi inatoka moshi. Denis wa watu, Lea akasema, angeona hivi angelia. Kila baada ya muda alikuwa anajishika kifua.

"Yamejaa?" Edina akamuuliza.

"Yanauma, mwenzangu. Huu ni muda wake wa kunyonya."

Kwenye bikoni wakapiga picha, mguu mmoja Dodoma, mwingine Manyara, vituko vya kila aina. Na ng'ambo ya pili, jamani, ilikuwa nchi nyingine. Majani mpaka kwenye magoti, ng'ombe, mashamba ya ngano yaliyovunwa, upepo usiokwisha. Wakazunguka huko mpaka saa saba wakila mihogo ya kuchemsha. Lea alijificha nyuma ya kichaka mara moja akakamua maziwa yakamwagika chini, akarudi anacheka huku machozi yanamlengalenga. Alisema ni dhambi kumwaga chakula cha mtoto.

Saa nane walivuka mwanya. Halfani alikuwa pale juu ya jiwe, amejikunja ndani ya koti kubwa, akawapungia mkono kila mmoja aliyepita. Hapo kundi lilikuwa limeshakatika vipande vipande. Wenye mbio walikuwa mbali chini na Kuluthumu, wanene walikuwa katikati na Henry, na mwisho kabisa Edina na Lea. Walipomwacha Halfani mwendo wa dakika kumi, Lea akasimama.

"Tangulia. Nakwenda kukamua nyuma ya yale mawe."

"Nakungoja."

"Unanitazama nini na wewe? Nenda, Henry asije akatuandika wote wawili. Nipo nyuma yako."

Hayo ndiyo maneno yake. Hakusema niokotee jiwe. Hilo Edina alilikumbuka baadaye kwa namna ya kujichapa nalo, kwamba Lea hakumtuma.

Edina alifika chini saa tisa na nusu. Watu wamekaa kwenye majamvi, chai inamiminwa, sambusa zinapita. Henry amesimama mbele ya mlango wa basi anaangalia saa.

"Saa kumi kamili naita majina," akatangaza. "Asiyekuwepo, Jumatatu tutaonana mezani kwangu."

Kuluthumu alikuwa amekwenda pembeni kuchukua udhu, alasiri imefika. Pale chini ya mgunga yalikuwa yamebaki mawe mawili tu. Jekundu na jeupe. Edina akainama, akaokota la kwake. Na mkono, huo mkono wa miaka sita, ukashuka tena wenyewe, ukaokota jeupe. Akaliingiza mfukoni. Hata moyo haukumshtuka. Alijisikia vizuri, kama anavyojisikia kila asubuhi, kwamba amemstiri mwenzake.

Akachukua chai. Akakaa upande wa kuiona njia.

Kuluthumu alimaliza kuswali, akaja huku anakung'uta mkeka, akaangalia chini ya mgunga. Hapakuwa na kitu.

"Alhamdulillahi," akasema, akatoa simu. "Halfani? Wameshuka wote. Nenda nyumbani, baridi hiyo."

Edina alisikia kila neno. Mdomo wake ulifunguka, nisiwafiche, ulifunguka kabisa. Lakini Henry alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale na kalamu yake sikioni, na Edina akajiambia, anakuja sasa hivi. Yupo kwenye mchanga tayari. Nikisema sasa nimemuuza bure kwa dakika tano.

Saa kumi Henry akaita majina.

"Lea?"

"Yupo," Edina akasema. "Ameenda msalani."

Henry akaweka alama.

Dakika tano zikapita, zikawa kumi, zikawa thelathini. Chai ikapoa mkononi. Edina alikuwa haondoi macho kwenye mto wa mchanga, na kila kilichotikisika alikiona ni gauni la Lea. Kikawa mbuzi. Kikawa mfuko wa plastiki. Kule juu ukungu ulianza kushuka, ukala mwanya wote, ukala msitu, na manyunyu yakaanza. Watu wakakimbilia kwenye basi, wanasukumana, wanacheka. Mungu wangu, Edina alikuwa anasema, Mungu wangu, mlete tu atokee. Dereva akapiga honi.

Hapo akaenda kwa Kuluthumu. Hakwenda kwa Henry.

"Dada," akasema, na akatoa jiwe mfukoni.

Kuluthumu alilitazama jiwe, hakulielewa. "Hujaliacha? Litupe tu, kazi imekwisha."

"Si langu. La mwenzangu. Hajashuka."

Yule mama akamtazama usoni. Manyunyu yalikuwa yanamdondoka kwenye mtandio.

"Umemwokotea?"

"Nimemwokotea."

"Mtu hajashuka, wewe umemwokotea jiwe."

"Asiandikwe, dada. Yule bosi wetu angemwandika."

"Amwandike nini?" Kuluthumu akauliza, na aliuliza kweli, hakuwa anakejeli. Alitaka kujua ni kuandikwa gani huko kunakozidi kubaki mlimani. Akiwa amesimama pale kwenye matope, hata Edina jambo lenyewe halikumwingia akilini.

Kuluthumu alikuwa ameshaweka simu sikioni. Akapiga mara moja, mara mbili, mara tatu. "Haipatikani," akasema. "Nyumba yake iko ng'ambo, upande wa Manyara, mtandao haufiki. Akishafika kwake ndiyo basi mpaka kesho." Akaishusha simu. "Toka nimpigie ni karibu saa nzima. Saa nzima ulikuwa umekaa pale unakunywa chai yangu."

"Nisamehe."

"Mimi wa nini? Rudisha."

"Nini?"

"Jiwe! Lirudishe pale ulipolitoa!"

Edina akapiga magoti chini ya mgunga akaliweka. Jiwe moja jeupe kwenye udongo mwekundu uliolowa. Kuluthumu akaweka viganja mdomoni akapiga ukelele kuelekea kijijini, "Jiwe limebaki! Jiwe limebakiii!" na milango ikafunguka. Wanaume wakaja na kamba, miti ya machela, tochi, mapanga maana fisi wapo. Mzee mmoja alikuja na blanketi la kitandani kwake. Hakuna aliyeuliza ni nani, wala dini gani, wala wa wapi. Walitazama tu kama jiwe lipo, wakapanda.

Henry aliteremka kwenye basi na orodha yake. "Ulinijibu yupo," akamwambia Edina. "Nimekuuliza, ukanijibu yupo."

"Ndiyo."

Akafungua mdomo aendelee, akaiangalia ile karatasi inavyolowana, alama zinavyovuja. Akaikunja akaiweka mfukoni. "Twende," akasema.

Walipanda kwa mbio, kama unaweza kuita mbio kule kujikokota. Edina alianguka mara mbili. Akilini hakuwa na Henry tena wala kamati. Alikuwa na Denis. Alikuwa anamwona mtoto amekaa sakafuni Nzuguni anaangalia mlango, na mama mdogo anamwambia mama anakuja, mama yuko njiani. Alilia kwa sauti, hakujali nani anamsikia.

Saa kumi na mbili kasoro robo wakafika kwenye yale mawe. Ukungu ulikuwa mzito, mtu wa mbele humwoni. Kuluthumu akawanyamazisha, akaita. Kimya. Akaita tena. Ndipo sauti ikatoka chini, kwenye korongo, ndogo, ya mtu aliyechoka: "Huku."

Alikuwa ameteleza akitoka nyuma ya mawe. Ukingo ulikatika akaenda nao chini, kimo cha watu watatu, na mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, umevimba na kugeuka rangi. Midomo ilikuwa ya bluu. Gauni lote mbele lilikuwa limelowa maziwa, na yalikuwa yameshapoa.

Edina alishuka kwa kamba wa pili. Lea alipomwona alianza kucheka na kutetemeka pamoja.

"Nilijua," akasema, meno yanagongana. "Nilijua utaangalia kama jiwe langu lipo."

Edina akamfunika blanketi. Lea akamshika mkono akaung'ang'ania, na hakuuachia walipomfunga mguu kwa vijiti, wala walipomvuta juu, wala njia nzima ya kushuka juu ya machela. Henry alibeba mti wa kushoto mbele, raba zake zimejaa mchanga. Watu wa kijiji walikuwa wanapokezana bila kuambiana. Na Lea alikuwa anaongea, haachi kuongea, kwa sababu Kuluthumu alimwambia asilale.

"Mwanzo nilipiga kelele, upepo ukazichukua. Halafu nikamwona yule kaka, Halfani. Pale chini nilikuwa namwona vizuri kabisa, amekaa juu ya jiwe lake. Nilikuwa navua kitenge nimpungie. Nikawaza, nitatambaa mpaka kwenye ile sehemu ya wazi, ataniona tu. Nikaanza kutambaa. Mara nikamwona amesimama, ameondoka." Akavuta pumzi. "Nilifurahi, Edina! Nikasema haya, wameona jiwe langu limebaki, wamempigia simu, anakuja. Dada alisema tukae tutulie. Nikarudi nikakaa. Nikawa namngoja."

Mchanga tu ulisikika chini ya miguu.

"Sijui alipita wapi," Lea akasema.

Walifika chini giza limeshaingia. Taa za basi zilikuwa zimewashwa, zimemulika mgunga, na jiwe lilikuwa pale peke yake. Kuluthumu aliwaambia washushe machela. Lea akauachia mkono wa Edina kwa mara ya kwanza, akanyoosha wake, akaliokota.

"Hili ni la Denis," akasema. Akalifuta kwenye blanketi. "Jamani, mawe ya watu ishirini na mbili yameondoka, langu limekaa tu linaningoja."

Edina alimtazama Kuluthumu. Kuluthumu alikuwa anakunja kamba. Edina akamwomba kwa macho, aseme yeye, au anyamaze milele, lolote kati ya hayo mawili.

"Mimi hilo simsemei mtu," Kuluthumu akasema, akaendelea kukunja kamba yake.

Vichwa vyote vilikuwa kwenye madirisha ya basi. Henry alikuwa amesimama na mikono iliyochubuka, anaangalia chini. Edina akapiga magoti tena, palepale alipopiga alasiri, na magoti yakaingia kwenye alama zake mwenyewe.

"Lea. Jiwe halikuwepo hapa. Niliokota mimi."

"Uliokota nini?"

"Jiwe lako. Nilipofika niliokota la kwangu nikaokota na la kwako. Nilitaka usiandikwe. Dada akaona yamekwisha, akampigia kaka yake simu. Na Henry alipokuita niliitikia mimi."

Lea alikuwa bado anatabasamu, tabasamu lililokuwa limesahaulika usoni. "Kama ofisini," akasema.

"Kama ofisini."

"Kwa hiyo yule kaka hakuwa anakuja kwangu."

"Alikuwa anakwenda kwake."

Lea akaligeuza jiwe, akautazama ule mshipa wake wa kahawia. Maziwa yalikuwa yameanza tena kumtoka, akajifunika vizuri na blanketi la mzee wa watu.

"Nilikuwa nimeshavua kitenge," akasema taratibu. "Ningempungia tu."

"Nisamehe, Lea. Nisamehe, nakuomba."

Lea akalifumbata jiwe kiganjani. Hakutukana, hakulia. Dereva akaja kusema gari liko tayari, hospitali ya Kondoa imeshaambiwa, wapandishe mgonjwa. Edina akainuka haraka, akanyoosha mkono kama alivyozoea.

"Henry," Lea akasema, "nisaidie wewe."